Nani Alikushika?

Itundwe, Mbeya
5 Machi 1956

Kwa mume wangu Andendekisye,

Salamu nitazitoa mwishoni, zikibaki. Leo nina hasira, na hasira ikisalimiwa kwanza hupoa.

Karatasi yenu imenifukuza mezani pa Bwana. Nasema karatasi yenu kwa sababu ni hiyo hiyo hesabu ya afya uliyokwenda kuiandikia Iringa, ukatuacha hapa mlimani mimi na Lusia na huyu mdogo aliyezaliwa hata vumbi la basi lako halijatulia. Sikiliza ilivyokuwa.

Karani alikuja Jumatano, kijana wa watu, viatu vimejaa tope. Akakusanya watu mbele ya shule, akasoma maswali kwa sauti ili kila mwenye nyumba ajibu. Swali la choo, sawa. Swali la kikohozi, sawa. Kisha akafika kwenye hili, nami nimelishika kichwani kama katekisimu: "Katika mwaka uliopita, je, mtu yeyote wa nyumba hii ametibiwa na mganga wa kienyeji, mpiga ramli au mkandaji?"

Baba Lusia, uliona wapi mkandaji akilala mkeka mmoja na mpiga ramli? Mimi sina hirizi, sina pembe, sidai kuku mweupe. Nina maji ya moto, kitambaa, mafuta ya nyonyo, na mikono hii miwili niliyofundishwa na bibi yangu. Mgongo ukikaza, mguu ukiteguka, mama akijifungua, namkanda, anainuka, anarudi shambani kwake. Basi, hakuna zaidi.

Nyumba zote zikajibu hapana. Zote! Nilikuwa nimesimama pale pale na mtoto mgongoni, nikawasikia mmoja mmoja. Hakuna mgongo kijijini hapa nisioujua, lakini siku ile nilikuwa mgeni kwao wote. Petro alikana mara tatu, jogoo akawika. Hapa jogoo angekauka koo.

Ndipo Mzee Gideoni, mzee wetu wa kanisa, akasimama na fimbo yake. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Serikali imeandika. Mkandaji na mpiga ramli ni kitu kimoja." Jana baraza la wazee likakaa, na Mchungaji Sedekia akasoma mbele ya watu: Sekela ametengwa. Sitakula chakula cha Bwana, na mtoto wetu hatabatizwa, mpaka nisimame niungame kwamba nimefanya uganga na nimeuacha.

Ningeweza kujitetea. Ningenyoosha kidole tu: wewe, nyonga, wewe, bega, na wewe mwenye fimbo, usinifanye niseme. Sikufanya hivyo. Bibi alinifundisha mikono, akanifundisha na mdomo: mkono uponye, mdomo ulale. Mtu akilala chini ya mikono yangu analia, anajamba, anasema ya chumbani kwake. Hayo hayatoki nyumbani kwangu, hata kama kwa kunyamaza nitakaa benchi la nyuma mpaka nizeeke.

Wewe uko huko karatasi zinakopikwa. Nitoe kwenye huo mkeka.

Salamu zilizobaki ni chache. Lusia hajambo. Mtoto hajambo, ananyonya vizuri, hana jina.

Mke wako,
Sekela


Kihesa, Iringa
19 Machi 1956

Mke wangu mpenzi Mama Lusia,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu mimi ni mzima, hofu ni juu yenu. Baridi ya huku si haba. Bado nakaa kwa Mama Evarista hapa Kihesa. Kila asubuhi ananisalimu kwa Kihehe "kamwene", nami namjibu kwa Kinyakyusa "ugonile", na kila asubuhi anacheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Sekela, lile swali si langu. Ofisini tuko watatu. Yupo Daktari, ambaye fikra zote ni zake. Yupo Bwana Philbert, karani mkuu, anayezigeuza fikra hizo kuwa Kiswahili, na kwa kuwa alisoma Tanga hakubali tusahau kwamba alisoma Tanga. Kisha niko mimi, ninayejumlisha majibu. Nilimwuliza Bwana Philbert kwa nini mkandaji amewekwa pale. Akaniambia, "Karani, karatasi ilikuwa na nafasi pale." Ndiyo sababu yenyewe, mke wangu. Nafasi.

Na kuna baya zaidi. Kuanzia huku Iringa mpaka kwetu Mbeya, majibu ya swali hilo ni hapana, hapana, hapana. Daktari ameyatazama akasema basi, watu wa nyanda hizi hawakandwi, swali lifutwe. Hesabu hii ni ya majaribio, na yatakayotoka kwetu ndiyo yatakayokwenda Tanganyika nzima. Kitabu kikichapwa, mikono kama yako itakuwa haipo duniani.

Nami nitafanya nini, karani wa kujumlisha? Nimefikiri sana juu ya mtoto. Mvua hizi za masika zinaleta homa ya kifua, na sipendi akae bila ubatizo. Nakusihi, usimame mara moja tu Jumapili, useme hayo wanayotaka useme, mtoto abatizwe. Maneno ni upepo, yatapita. Baadaye utaendelea na kazi yako polepole, na Mungu anajua moyo wako.

Nimekutumia sabuni na kanga kwa mkono wa dereva wa basi.

Mumeo akupendaye,
Andendekisye


Itundwe
1 Aprili 1956, siku ya Pasaka

Baba Lusia,

Kanga imefika. Nimeifungia mtoto.

Leo kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Walipokwenda mezani mimi nilibaki benchi la nyuma pamoja na walevi wawili na mwanamume mwenye wake watatu. Walisogea kwa heshima, wakanipa nafasi. Mlevi mmoja akaninong'oneza, "Pole, mama, hata mimi mgongo wangu unakushukuru." Ndiye Mkristo pekee niliyemsikia leo.

Unaniambia maneno ni upepo. Kwako labda, wewe unayeyajumlisha. Mimi nikisimama na kusema nilifanya uganga, basi kila mtoto niliyempokea na kila mama niliyemkanda alipita mikononi mwa mganga, na bibi yangu, aliyekufa akiimba, alikuwa mganga. Nitapiga magoti mbele ya Mungu. Mbele ya nafasi iliyobaki kwenye karatasi, sipigi.

Nilikwenda kwa Mchungaji nikamwuliza kwa nini. Si mtu mbaya, unamjua. Akasema, "Sekela, uganga sikuuona. Lakini niliuliza watu wote, na wote wakasema hawakujui kwa kazi hiyo. Kazi isiyokiriwa na mtu hata mmoja, mimi niiite nini?" Nilikuwa na majina, kanisa zima, na majina ndiyo nisiyoweza kuyatoa.

Sasa nakuuliza wewe. Ulipoletwa kwetu umebebwa kama gunia la viazi, umeanguka ukibeba matofali ya kujengea shule, hukuweza hata kugeuza shingo, nani alikukanda mwezi mzima mpaka ukatembea, kisha ukarudi na ng'ombe wa mahari? Na karani wa hesabu alipopita hapo Kihesa, kwa maana lazima alipita, wewe ulimjibu nini?

Sekela


Kihesa
14 Aprili 1956

Mke wangu Sekela,

Nilijibu hapana.

Alikuja nikiwa nakunywa uji. Akasoma: mganga, mpiga ramli... na kabla hajafika mwisho wa swali mdomo wangu ulikwisha kujibu. Mimi, mume wa mkandaji! Wala sikujisikia mwongo. Nilijisikia Mkristo anayejibu upesi asije akadhaniwa vingine.

Barua yako ilinichoma siku mbili. Siku ya tatu ilianza kunichemsha kichwa, maana nilijiuliza: kama mimi nilisema hapana bila nia ya kudanganya, je, na wale wengine? Wale watu wa Itundwe hawakukukana wewe, mke wangu. Walimkana mpiga ramli, nawe ulikuwa umesimama nyuma yake. Ukimweka mama wa watu nyuma ya fisi, nani atamwona mama?

Nikaingia kwa Daktari. Sijawahi kuingia bila kuitwa. Nikamwambia hesabu yetu imehesabu hofu, haikuhesabu migongo, na kwamba mimi mwenyewe ni jibu moja la uongo ndani ya jumla yangu. Akanitazama juu ya miwani. Kisha akavuta kiti akasema keti, eleza. Nikaeleza mpaka chai ikapoa.

Ameamua hivi. Swali litaandikwa upya, peke yake, mbali kabisa na waganga. Tutalijaribu mahali pachache. Watu wakikiri, linakaa kitabuni na linakwenda nchi nzima. Wakikana tena, linafutwa, na mimi nisimpigie kelele tena.

Bwana Philbert amesema "kukanda" ni neno la unga. Ameandika kwa Kiswahili cha kwao pwani: "Je, umechuliwa?" Yaani kuchuliwa misuli. Jumatatu naondoka na karatasi mpya kwenda Chunya. Niombee.

Usisimame kuungama. Nimeyarudisha maneno yangu.

Mumeo,
Andendekisye


Chunya
8 Mei 1956

Mama Lusia,

Nakuandikia kutoka ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, ambamo mwenye shamba mwema alinificha. Usishtuke, nimepona. Hata kikohozi nilichokuja nacho kimekauka kwa moshi.

Karatasi zilichapwa Ijumaa jioni, mpiga chapa akiwa na haraka ya kwenda kwao. Nilizifunga bila kuzisoma, maana maswali niliyajua kwa moyo. Lakini tukiwa kazini sharti tusome kama ilivyochapwa, hivyo nilipofika kambi ya wachimbaji wa dhahabu nikafungua, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya serikali:

"Je, katika mwaka huu mtu wa nyumba hii amechunwa? Kama ndiyo, alichunwa na nani? Je, aliridhika?"

Sekela, neno wamelila herufi, wakalitia nyingine! Kuchuliwa imekuwa kuchunwa! Na wewe unajua jinsi watu wanavyozungumza siku hizi juu ya chinjachinja, wale wanaosemekana kuwanyonya watu damu. Kisha mzee mmoja, mchimbaji mwenye sururu mkononi, akauliza taratibu sana: "Bwana karani, ngozi zetu mnazitaka za nini?"

Nikasema, "Hapana, baba, ni makosa ya..."

"Ameuliza kama tutaridhika!" akalia mama mmoja. "Anatuchuna na anataka tushukuru!"

Sikumbuki niliiachaje kofia. Najua tu kwamba nilikimbia vizuri kuliko mtu yeyote aliyepata kuvunjika mgongo, na nilipokuwa nikiruka mtaro nilisema moyoni, ndaga fijo, asante sana, Sekela, umenitengeneza vema.

Kesho yake mwenye shamba alinisindikiza, tukawaeleza, wakacheka, kofia ikarudi. Nikauliza upya kwa mdomo: kuchuliwa? Hawalijui neno lenyewe. Nikasema kukandwa? Wanawake wakaficha nyuso kwa kanga, na wanaume wakanitolea macho. "Kukandwa? Kwani mimi nimezaa?" Kumbe kwa wengi hapa kukandwa ni kwa mzazi tu, kwa maji ya moto, na mwanamume akikiri ataitwa Mama Fulani mpaka kaburini.

Basi hapana tena, Sekela. Hapana kila nyumba. Nimebakiza Igawa tu, kisha Kihesa, kisha Daktari atafuta swali. Sijui nimwulize vipi mtu kitu ambacho hakina jina lisilomtia hofu au aibu.

Nimechoka, na mgongo umeanza kunikumbusha matofali.

Andendekisye


Itundwe
24 Mei 1956

Baba Lusia mwenye kofia,

Nilicheka mpaka mtoto akaacha ziwa akanitazama kama nimeingiwa na pepo. "Je, aliridhika?" Nimemsomea Lusia, naye sasa anamfuata paka nyumba nzima akimwuliza kama amechunwa na kama ameridhika.

Ya kwetu si ya kuchekesha sana. Mvua imekuwa nyingi na kila mtu amelima akiwa ameinama. Nawaona wanavyotembea. Kuna mtu mmoja mkubwa, simtaji, anakwenda kama mlango uliong'oka bawaba. Juzi alimtuma mkewe. Mama yule akasimama hapa jikoni, akazungumza habari za maharage, akazungumza habari za ndama, mwishoni akasema, "Sekela, mzee hata viatu havai mwenyewe, namvalisha mimi." Nikamwambia, "Mama, mimi nimetengwa. Nikimgusa mzee wa kanisa ataungua." Akalia, nami nikalia. Nikampa mafuta na kumwelekeza, lakini mikono yake haijui njia. Sifurahii, Andendekisye. Nilidhani nitafurahi.

Unauliza utawauliza vipi watu. Mimi sijui mambo ya karatasi, ila nashangaa umesahau kwenu wanasemaje. Hapa tangu lini mtu akasema "nimekandwa"? Wewe mwenyewe ulipopona, ulimwambia mama yako kwa furaha, "Yule binti wa Itundwe amenishika mgongo." Mama yako akanuna mpaka mavuno, akidhani umeshikwa kingine! Bibi alikuwa akisema leo nimemshika fulani. Watu wakikutana njiani husema, nenda kwa Mama Lusia akakushike. Mwanamume hasemi amekandwa, lakini kushikwa atakubali. Nani duniani hajashikwa?

Njoo nyumbani nikushike na wewe. Hayo matofali yanahitaji kukumbushwa yalipolala.

Mkeo,
Sekela


Kihesa, Iringa
2 Julai 1956

Mke wangu, mke wangu, mke wangu,

Salamu zote, za asubuhi na za jioni, za kwako na za watoto na za kuku!

Barua yako nilikabidhiwa nikiwa Igawa, kando ya barabara kuu, nimekaa juu ya sanduku langu nikisubiri lori. Nilifika kwenye "nani duniani hajashikwa" nikasimama mwenyewe. Mbele yangu palikuwa na wapakiaji wa mpunga wakipumzika, wanaume wenye mabega kama milango. Nikaiweka karatasi mfukoni. Nikamwendea mkubwa wao nikamwuliza kama mtu amwulizavyo mwenzake:

"Ndugu, mwili ulipokuuma mwaka huu, nani alikushika?"

Akajibu pale pale! "Ah, kuna mama mmoja Msangu nyuma ya duka lile. Bila yeye hili gunia lingeninyonga." Mwenzake akadakia, "Mimi ananishika shemeji yangu, ana mkono mzito kama wa fundi chuma." Wakaanza kubishana mkono wa nani ni mzuri zaidi. Lori langu likaja, likaondoka, mimi nikaandika tu.

Bwana Philbert alipinga, bila shaka. Alisema ukimwuliza mtu "umeshikwa?" atadhani ni askari wa kodi. Nami nikamwambia kweli, ndiyo maana hatuulizi kama umeshikwa, tunauliza nani alikushika mwili ulipouma. Akajaribu kwa Mama Evarista, hapa hapa uani, akiwa na uhakika atashinda. Mama Evarista akamtajia watu watatu, kisha akamzunguka, akambonyeza chini ya shingo, akasema, "Na wewe, baba, hapa hujashikwa siku nyingi." Bwana Philbert akaguna kama ng'ombe aliyefika majini. Aliporudi ofisini aliandika swali jipya kwa mkono wake, na sasa anasema lilikuwa wazo lake. Mwache.

Mke wangu, wamekiri! Igawa wamekiri, Kihesa wamekiri, Chunya nimerudi na kofia yangu wamekiri, na yule mzee wa sururu alinivuta pembeni akaniuliza kama serikali inaweza kumleta mama wa kushika karibu na kambi. Daktari ameona kwamba watu wanaopita mikononi mwa akina mama kama wewe ni wengi kuliko wanaofika zahanati. Alitembea ofisi nzima akirudia, "Mikono! Mikono!" Ukurasa mpya umechapwa. Juu umeandikwa "Mikono": wakunga na wanaoshika viungo, pamoja na wafunga mifupa. Waganga na ramli wana ukurasa wao mbali kabisa. Ndio utakaokwenda Tanganyika nzima.

Nimemwomba Daktari jambo moja. Pale mlipoharibiwa na karatasi ya kwanza, karatasi ya pili ifike. Amekubali. Karani atafika Itundwe kabla mwezi haujaisha. Safari hii atapita nyumba kwa nyumba, wala hataandika jina la mtu. Mpikie kitu kizuri. Nasikia anapenda ndizi za nyama.

Mumeo,
Andendekisye


Itundwe
30 Julai 1956

Kwa karani mpenda ndizi,

Ulivyotokea pale mlangoni na sanduku lako ukasema "Hodi, ni hesabu ya afya", nilitaka kukupiga na mwiko. Sasa nataka kukupiga kwa sababu umeondoka. Lori lisingeweza kusubiri Jumapili moja? Jumamosi limekuchukua, na Jumapili ndiyo imetokea yote. Keti. Safari hii usisome umesimama.

Ulipompa Mchungaji ile jumla yako, kwamba karibu kila nyumba ya Itundwe imeshikwa na mikono ile ile, ulidhani ameipuuza. Alikuwa anaitafuna. Jana, baada ya mahubiri, akashuka mimbarani. Akasema, "Karatasi ilileta neno hapa kanisani, na karatasi imekuja kulichukua. Lakini mimi sichungi kondoo kwa karatasi. Nilikwisha kuwauliza nanyi mkanijibu. Leo nawauliza tena kwa lugha yenu. Mwili ulipokuuma, nani alikushika? Aliyeshikwa na Mama Lusia, asimame."

Andendekisye, hakusimama mtu. Nikatazama miguu yangu. Nikasema moyoni, Bwana, wasiposimama leo, hili benchi la nyuma ndilo langu.

Akasimama Matilda, mke wa Mzee Gideoni. Peke yake. Akasema kwa sauti, "Mapacha wangu wote wawili, na mimi." Kisha akasimama mwalimu wa shule. Kisha akina mama wa kwaya kwa pamoja, kama wanaanza wimbo. Kisha wanaume, Andendekisye, wanaume! Mabenchi yakalia kanisa zima. Mchungaji akageuka akawatazama, kisha akasema taratibu, "Na mimi, kifundo cha mguu, mwaka wa njaa. Sikukumbuka kwamba ulikuwa mkono huo huo." Yule mlevi wangu alikuwa amesimama juu ya benchi.

Aliyebaki ameketi ni mmoja. Mbele kabisa, na fimbo yake. Watu wote wakamtazama. Sikutaka wamtazame hivyo, naapa. Mchungaji akasema, "Mzee Gideoni?"

Akasema, "Mchungaji, nataka kusimama." Akashika fimbo, akajaribu, akarudi. Jasho likamtoka. "Nataka kusimama, siwezi. Tangu Machi hajanishika."

Kanisa likapasuka! Walicheka mpaka wakalia, na yeye mwenyewe akacheka, huku akipiga kelele "aii, aii" kwa maana kicheko kilimchoma kiuno. Nikainuka kule nyuma. Hakuna aliyeniita. Nikapita katikati yao wote, nikafika mbele, na kwa kuwa sikuwa na pa kumweka mtoto nikampa Mchungaji. Nikamwambia Mzee, "Pumua." Nikamshika pale ninapopajua, nikamgeuza. Sauti ilisikika mpaka mlangoni, nasikia walioketi nje walidhani benchi limevunjika.

Akasimama. Wima, bila fimbo. Akawageukia watu akasema, "Miaka saba mikono hii inanisimamisha, nami niliiita uganga kwa sababu nilimwogopa karani. Hata siku ile mwenye mikono hii hakunitaja. Nani kati yenu angenyamaza?" Akalia mbele ya wote. Nami nilimsamehe pale pale, maana mtu aliyenyooka vizuri hivyo ni vigumu kumkasirikia.

Kisha Mchungaji, ambaye bado alikuwa na mtoto mikononi, akasema maji yaletwe. Hakungoja wiki nyingine. Mzee Gideoni akaomba awe baba wa ubatizo, akasimama karibu yangu muda wote, akijivuna kwa kusimama tu. Waliponiuliza jina, sikuwa nimefikiri. Limetoka lenyewe: Tupokigwe. Tumeokolewa. Nilikwenda mezani pa Bwana wa kwanza, wakanipisha wote.

Leo tangu asubuhi ua wangu umejaa. Wanakuja mchana kweupe, wanapanga foleni, na wakiulizwa njiani waendako hawazungumzi tena habari za maharage.

Ukurasa wenu wa "Mikono" uende, uende mpaka ufike pwani kwa Bwana Philbert. Mimi nimerudi kwetu.

Mkeo, mama wa Lusia na Tupokigwe,
Sekela


Kihesa, Iringa
13 Agosti 1956

Sekela,

Hesabu mpya imeanza, na leo asubuhi karani alipita hapa. Nilikuwa nakunywa uji. Akauliza kama ilivyoandikwa: mwili ulipokuuma, nani alikushika?

Nikaweka bakuli chini. Nikasimama, ingawa hakuniambia nisimame.

Nikajibu, "Mke wangu, Sekela." Akasema majina hawaandiki. Nikamwambia aandike.

Andendekisye